Baa mpya ya vitindamlo vya Kijapani: niagize nini kwanza, na nitajuaje kama jiko liko sawa?

kijiko_kirefu aliuliza:

Salaam wakuu. Kuna baa ya vitindamlo vya Kijapani imefunguliwa wiki mbili zilizopita na nataka kwenda. Ni baa ya vitu vitamu, si ya pombe, maana najua hilo swali linakuja. Kaunta ya viti kumi, mpishi anaandaa mbele yako.

Menyu nimeipitia na nusu yake imeniacha njia panda: usucha, warabimochi, kakigori, anmitsu, daifuku, dango za mitarashi, purin, pankeki za sufle, pafe ya hojicha. Chini ya kila jina wameandika "laini, ya kipekee", basi. Kwa maelezo hayo mtu unachaguaje?

Tutakuwa wanne. Mmoja ni mzee mwenye meno ya bandia, mmoja mtoto wa miaka mitatu, na wote hatuli nguruwe wala hatunywi pombe. Mwenye kuujua upishi huu anieleze tuagize nini, kwa mpangilio upi, na nikikaa pale kaunta niangalie nini ili nijue kama hela inakwenda kwenye kazi au kwenye picha tu.

unga_wa_kijani alijibu:

Mkuu, menyu hiyo usiigawe kwa ladha, igawe kwa muda. Kakigori, yaani barafu iliyokwanguliwa na kutiwa shira, ina dakika tano hadi kumi za uhai. Pankeki ya sufle, ile nene inayonyanyuliwa na ute wa mayai uliopigwa, huanza kushuka ikiwa bado njiani kuja mezani. Usucha, chai inayopigwa kwa unga wa kijani uitwao matcha, ina dakika mbili tatu kabla unga haujatuama chini ya bakuli. Warabimochi na dango, vitamu vya kunata vya wanga, ni vya siku hiyo hiyo, tena vya saa chache. Daifuku huifikia kesho kwa shida. Purin (kastadi yenye karameli) na kanten (jeli ya mwani) hulala kwenye friji usiku mzima bila neno.

Jiko la wiki mbili bado halijapata mwendo. Vile vya kulala kwenye friji hupikwa jana yake kwa utulivu, kwa hiyo vinakuonyesha kama mpishi anajua kazi. Vile vya dakika chache vinakuonyesha kama anaimudu kazi kaunta ikijaa. Nenda saa ya kwanza baada ya kufungua. Agizeni purin au anmitsu (bakuli la vijiwe vya kanten na maharage matamu) kwanza, kisha kitu kimoja cha dakika chache mle kwa pamoja. Mkiagiza kakigori nne kwa mpigo kwenye mashine moja, ya kwanza itakuwa maji wakati ya nne inaanza kukwanguliwa.

Chai iwe ya mwisho. Kwa desturi ya chai ya Kijapani kitamu huliwa kwanza kikaisha, ndipo bakuli linyweke. Usucha haitiwi sukari. Utamu uliobaki ulimini ndio sukari yake. Ukigeuza mpangilio, chai utaiona chungu na anko, yale maharage matamu, utaiona sukari tupu.

Ukiwa kaunta mtazame anayeitengeneza. Usucha moja ni gramu 2 za matcha kwa mililita 60 hadi 70 za maji ya nyuzi 75 hadi 80. Anapaswa kulipasha bakuli kwa maji ya moto na kulifuta likauke, kisha kuuchekecha unga kwa chujio dogo, kwa sababu matcha ni unga mwembamba sana unaojishika wenyewe na kufanya madonge. Donge likishalowa nje huku ndani ni kavu, hutalivunja kwa kupiga, utalikuta mdomoni. Kisha anamimina maji na kupiga kwa chasen, ile burashi ya mwanzi uliochanwa nyuzi nyembamba. Mkono unakwenda mbele na nyuma kwa kifundo, haraka, sekunde 15 hadi 20. Hazungushi kama anayekoroga uji. Povu zuri ni dogo dogo, limetanda, halina mapovu makubwa kama ya sabuni. Akichukua maji yanayochemka moja kwa moja, ujue ukakasi unakuja: joto kali hutoa vitu vichungu upesi, na ule utamu mzito unaofanana na wa supu unafunikwa.

Rangi nayo inasema. Majani ya matcha hufunikwa kivuli wiki tatu hivi kabla ya kuchumwa, na kivuli hicho ndicho kinacholeta kijani kibichi chenye kung'aa na kupunguza ukakasi. Baada ya mvuke na kukaushwa, vijiti na mishipa ya jani huondolewa, kisha husagwa kwa jiwe. Jiwe moja hutoa gramu 30 hadi 40 tu kwa saa. Unga ukielekea manjano au rangi ya majani makavu, ama ni daraja la chini, ama kopo limekaa wazi likapigwa na hewa, mwanga na joto. Katika jiko jipya mimi ningeshuku kopo kabla ya daraja: wananunua mfuko mkubwa, unakaa wiki karibu na mashine ya kahawa yenye joto, unachakaa.

Na yale maneno "daraja la sherehe" yasikupe presha. Hakuna kanuni rasmi inayoyalinda, ni maneno ya wauzaji. Afadhali uulize matcha inatoka wapi. Anayeijua bidhaa yake atakujibu kwa jina la mahali Japani, Uji, au Nishio, au Kagoshima, bila kwenda kusoma mfuko.

barafu_polepole alijibu:

Mwenzangu amemaliza chai, mimi niseme kakigori, kwa sababu ndiyo inayoharibiwa zaidi na ndiyo watu wanayodhani haina ufundi. "Si barafu na shira tu?" Hapana.

Barafu ya kakigori nzuri ni jiwe kubwa angavu kama kioo, lililogandishwa polepole kwa siku mbili au zaidi huku maji yakitikiswa ili hewa na chumvichumvi visifungiwe ndani. Barafu ya haraka ina moyo mweupe, nao huo weupe ni hewa. Ukiikwangua inavunjika vipande badala ya kutoka utepe. Japani kuna hata wanaovuna barafu ya asili kwenye mabwawa ya nje wakati wa baridi, Nikko kwa mfano, lakini hiyo usiitegemee, wala si lazima. Barafu ya kiwandani iliyo angavu inatosha kabisa.

Kosa kubwa ni kulitoa jiwe friza na kulipandisha mashineni hapo hapo. Likiwa nyuzi -18 ni gumu na kavu, kisu kinatoa unga wa chenga chenga unaokwaruza ulimi na kuleta yale maumivu makali ya kipaji. Jiwe linatakiwa likae nje kwanza. Likitoka lina ukungu mweupe juu. Baada ya dakika kama kumi na tano hivi, kutegemea ukubwa na joto la chumba, ukungu unaondoka, uso unakuwa wa maji maji na unaona ndani. Hapo ndipo likwanguliwe. Utepe unatoka mwembamba, unajikunja, unajilaza bakulini kama pamba. Kisu nacho lazima kiwe kikali na pembe yake irekebishwe kadiri barafu inavyozidi kulainika. Ukiona mpishi anagusa skrubu ya kisu katikati ya kazi usidhani mashine imeharibika, huyo anaijua.

Sasa tazama shira inavyowekwa. Ikimiminwa yote juu mwishoni, inachimba shimo, inateremka chini, na wewe unakula theluthi mbili za barafu tupu halafu unakunywa maji matamu. Inayofaa ni tabaka: barafu theluthi, shira, barafu tena, shira, barafu, kisha ya juu. Shira iwe ya baridi na nzito. Ya vuguvugu inabomoa mlima mzima. Bakuli nalo liwe limepozwa.

Ukiletewa, kula kutoka pembeni kwenda katikati, kijiko kikiingia kwa mlalo. Ukichoma kutoka juu mlima unaanguka mezani. Na picha ni moja tu, mkuu. Ukipanga taa na pembe, utakula supu.

Kama kiu ya kakigori si kubwa, chukueni moja ya kugawana watu wawili. Zile za maziwa mazito na matcha huwa zinajaza tumbo kuliko zinavyoonekana.

wanga_na_maji alijibu:

Nichukue upande wa mochi, maana hapo ndipo majina yanapowachanganya watu: mochi, daifuku, gyuhi, dango, shiratama, warabimochi. Yote yananata, ila hayatoki kwenye wanga mmoja.

Daifuku ni ganda la mchele wa kunata lililofunga anko, yaani maharage madogo mekundu ya azuki yaliyopikwa na sukari. Dango mara nyingi huchanganywa unga wa mchele wa kawaida, ndiyo maana inakatika kwa jino badala ya kuvutika. Shiratama ni vidonge vya shiratamako, unga wa mchele wa kunata, peke yake. Warabimochi si mchele hata kidogo: kwa asili ni wanga wa mizizi ya aina ya kangaga la porini, lakini wanga huo ni adimu na ghali, kwa hiyo sehemu nyingi hutumia wanga wa viazi vitamu au muhogo. Si wizi, mradi waseme. Ile halisi ikipikwa ina weusi weusi wa kijivu. Iliyo angavu kama maji ni ya wanga mwingine.

Ugomvi wa vyote hivi ni friji. Wanga uliopikwa ukipoa hurudi kujipanga na kusukuma maji nje, na kasi ya kukakamaa ni kubwa zaidi kwenye baridi ya friji kuliko kwenye chumba au kwenye friza. Mochi iliyolala friji inakuwa kifutio. Sukari ndiyo inayochelewesha hilo, kwa kuyashika maji. Ndiyo sababu ganda la daifuku linalokusudiwa kukaa laini hupikwa kwa sukari nyingi na kuitwa gyuhi, na ndiyo sababu mochi ya aiskrimu inatafunika hata ikitoka kwenye friza.

Vipimo, ili ujue unachokilipia. Ganda la daifuku la kawaida: shiratamako gramu 100, sukari gramu 50, maji mililita 150. Unalowanisha unga kwa maji kidogo kidogo mpaka chenga zake ziishe, unatia sukari, unapika kwenye maikrowevu ya wati 600 dakika mbili, unakoroga kwa nguvu, dakika moja tena, unakoroga, kisha sekunde 30 mpaka weupe wa chokaa uondoke na donge ling'ae. Gyuhi halisi sukari yake inaweza kufika maradufu ya unga. Kosa la kawaida ni kutoa mapema: katikati kunabaki weupe, na ukiuma unasikia unga mbichi kwenye meno. Kosa la pili ni kupaka wanga wa kuzuia kunata mwingi kupita kiasi bila kuupangusa kwa burashi. Daifuku nzuri haikuachii vumbi kooni.

Warabimochi: wanga gramu 100, maji mililita 400 hadi 500, sukari gramu 80 hivi. Unakoroga motoni kwa mwiko. Kwa dakika kadhaa hakuna kitu, halafu ghafla sufuria nzima inashika. Wengi huzima hapo. Hapo ndipo kazi inaanza: endelea kusonga kama unasonga ugali, dakika nne tano zaidi, mpaka ukungu wote uishe na mwiko uvute nyuzi. Ikikatizwa inakuwa na ladha ya gundi na kesho yake ni nyeupe, inavunjika. Hupozwa kwenye maji ya barafu dakika 20 hadi 30 kabla ya kuliwa, kisha juu yake kinako, unga wa soya iliyokaangwa, na kuromitsu, shira nyeusi ya sukari inayofanana sana na sukari guru. Ukiletewa vipande vyenye ukungu wa maziwa na kinako imelowa, hiyo imelala. Iliyo sawa inatetemeka sahani ikiguswa, na kinako bado ni kavu juu yake. Usivute pumzi ukiwa umeipeleka mdomoni, kinako inapaliza vibaya.

Sasa mzee na mtoto. Hapa sitanii. Mochi husababisha vifo vya kukabwa koo Japani kila mwaka, zaidi kwa wazee na hasa wakati wa mwaka mpya, na mamlaka za huko hutoa onyo kila msimu. Mtoto wa miaka mitatu asipewe daifuku, dango wala shiratama, hata ikikatwa. Inajishikanisha tena mdomoni. Mzee mwenye meno ya bandia, mochi inayanasa na kuyang'oa, achilia mbali koo. Akisisitiza, mpeni warabimochi badala yake, maana haivutiki kama mochi ya mchele. Ikatwe vipande vidogo, anywe chai kwanza kulowanisha koo, atafune kimoja akimalize kabla ya kingine. Mimi ningemwagizia purin na habari iishe.

kijiko_kirefu aliandika:

Asanteni sana, nimejifunza mengi kuliko menyu yao yote. Mzee na mtoto nimeelewa, watakula purin. Swali lililobaki: nguruwe na pombe. Kwenye vitu vitamu vya namna hii vinajificha wapi? Nikiuliza "mna nguruwe?" najua wataniambia hapana bila hata kufikiri. Na hiyo pafe ya hojicha mtoto anaweza kuonja?

jikoni_saa_nane alijibu:

Ndugu, uko sahihi, swali hilo lina jibu la bure. Uliza kwa jina la kiungo: "Hii imegandishwa kwa nini?" Majibu ni matatu. Kanten, jelatini, au mayai.

Kanten inatokana na mwani, haina shida. Jelatini inatokana na ngozi na mifupa, na nyingi ni ya nguruwe, hivyo uliza ya mnyama gani. Wakisema "sijui", hesabu kuwa ndiyo. Hata bila kuuliza unaweza kuzitofautisha kwa kijiko. Kanten inakatika safi, ukingo mkali, haiyeyuki ulimini mpaka uitafune, na inakaa wima mezani bila kulegea, kwa sababu inaganda kwenye nyuzi 35 hadi 40 na haiyeyuki tena mpaka ikaribie 85. Jelatini inachezacheza na inayeyuka mdomoni, kwani joto la mwili linatosha kuivunja. Ndiyo maana vijiwe vya anmitsu hutengenezwa kwa kanten, gramu 4 za unga kwa nusu lita ya maji, na lazima ichemke dakika mbili kamili. Isipochemka inatoka yenye mchanga au haigandi. Malimau yakitiwa humo yangali motoni yanailegeza, yatiwe moto ukishazimwa.

Purin ndiyo ya kuulizia kwa makini zaidi, hasa kama mnampa mzee na mtoto. Iko ya aina mbili. Ya kuokwa inashikwa na mayai peke yake. Nyingine haiokwi, inagandishwa kwa jelatini kwenye friji, nayo ni rahisi zaidi kwa jiko dogo. Ya kuokwa husimama na kingo zake, ina rangi ya kiini. Ukiona vitundu vidogo pembeni kama sifongo ujue joto lilizidi, mayai yakajikaza na kutoa maji. Karameli yake iwe ya kahawia iliyokolea na uchungu kidogo. Karameli ya rangi ya asali ni utamu juu ya utamu. Wengine hutia jelatini kidogo hata kwenye ile ya kuokwa ili isianguke ikipinduliwa, kwa hiyo macho hayatoshi, uliza. Krimu za povu (mousse), pafe (vitamu vilivyopangwa tabaka kwa tabaka kwenye glasi ndefu), jeli za matunda na aiskrimu za mashine huwa nazo pia mara kwa mara. Peremende laini nyeupe za kupambia juu karibu zote ni jelatini.

Pombe. Dango za mitarashi: rojo lake ni mchuzi wa soya, sukari, maji na wanga, lakini wengi hutia mirin, kiungo kitamu cha maji cha kupikia, na mirin halisi ina pombe asilimia 14 hivi. Kuna rojo lisilo na mirin na tofauti ni ndogo, kwa hiyo waulize kama wana hilo. Michuzi mingine ya soya huongezewa pombe kidogo ya kuhifadhi; imeandikwa kwenye chupa, omba uione. Tabaka za keki kwenye pafe hupakwa shira yenye ramu bila kutajwa kwenye menyu. Vanila ya maji ni pombe kwa sehemu kubwa, ya unga au kokwa si tatizo. Amazake, kinywaji kitamu cha mchele, iko ya namna mbili: ya koji (kuvu ya kuchachushia) na mchele haina pombe, ya machicha ya sake, yaani pombe ya mchele, inayo. Jina ni moja, hivyo usikubali jibu la "ni ya mchele".

Pafe ya hojicha kwa mtoto: hojicha ni chai iliyokaangwa, na ya kunywa ina kafeini kama miligramu 20 kwa mililita 100. Usucha moja ya gramu 2 inafika miligramu 64 hivi. Lakini pafe inatumia unga wa jani lenyewe, si maji yake, na kila tabaka lina wake. Kijiko kimoja cha kuonja hakina neno, glasi nzima hapana. Angalia na shiratama zilizozama katikati ya pafe, hazionekani kutoka juu. Na anayekwepa soya akae mbali na kinako kabisa, inaruka kila mahali kaunta.

Nikiwa hapo kwenye pafe: kipimo chake ni chini ya glasi. Jiko la haraka hujaza chini konfleksi ili glasi ionekane ndefu, na zikikutana na malai dakika tano zimelowa kama uji wa jana. Jiko linalojali huweka chini kitu cha maji maji chenye uchachu, jeli ya yuzu, tunda la jamii ya limau, kwa mfano, ili kijiko cha mwisho kikusafishe. Kule Sapporo kuna utamaduni wa kumalizia usiku kwa pafe, ndiko aina hii ya baa ya vitamu vya usiku ilikojijengea jina, na watu wa huko wanakagua chini ya glasi kuliko juu.

barafu_polepole aliandika:

Nakubali yote ila moja, hakuna aliyegusa pankeki za sufle kwa haki yake. Ningesema wiki za mwanzo waziache. Ute wa mayai ukipigwa pungufu, hazinyanyuki. Ukizidishwa, unakuwa chenga chenga, unatoa maji, nazo zinanyanyuka kisha zinalala. Sahani ya chuma inatakiwa nyuzi kama 150 tu, mfuniko juu, matone ya maji pembeni kuleta mvuke. Zina dakika 15 hadi 20 hapo, na jiko lenye foleni halina dakika hizo. Linaongeza moto, nje kunaungua, ndani kunabaki ute mbichi wenye harufu ya yai.

unga_wa_kijani aliandika:

Mimi ningeagiza hizo hizo, kwa sababu hiyo hiyo. Mhudumu akisema "subirini dakika ishirini", vizuri, wanapika. Zikija ndani ya dakika sita, hazikuanza kupikwa ulipoagiza. Zikifika, bonyeza ubavuni kwa mgongo wa uma: ikirudi polepole imeiva, ikibaki na shimo lenye unyevu rudisha. Kushuka kidogo si kosa, mvuke ndani ya mapovu unapoa na kusinyaa, hilo halikwepeki. Kosa ni kushuka nusu nzima. Pia kwa mzee na mtoto hizo ni salama kuliko nusu ya menyu, mradi ndani ziwe zimeiva kweli.

Ila tusibishane bure: agizeni sahani moja mwanzoni kabisa mkishakaa, mle purin wakati mnasubiri.

kijiko_kirefu aliandika:

Basi mpango ni huu: kufika wakifungua, pankeki ziagizwe mara moja, purin ya kuokwa kwa mzee na mtoto wakishanijibu kuhusu jelatini, warabimochi na kakigori moja kwetu wawili, usucha mwisho. La mwisho wakuu: cha kubeba nyumbani?

wanga_na_maji alijibu:

Daifuku, na iwe ya leo. Isiingie friji, iache kwenye chumba chenye ubaridi, ndani ya kopo lililofungwa, mmalize kabla ya kulala. Ikiwa ina tunda bichi ndani, kama ile ya stroberi, muda ni mfupi zaidi, maana tunda linatoa maji na ganda linateleza kutoka kwenye anko. Ikibaki, funga moja moja kwa plastiki uziweke friza, kesho uziache nje saa moja hadi mbili ziyeyuke zenyewe. Dorayaki, pankeki mbili zenye anko katikati, nayo inabebeka vizuri kama wanayo, tena siku ya pili huwa bora, kwa sababu unyevu wa anko unaingia kwenye pankeki zake.

Warabimochi wakikuwekea kwenye kopo, omba kinako na kuromitsu vifungwe mbali. Wakivimwagia kabisa, ule hapo hapo mlangoni.